Vidukari wanaorudi kila baada ya siku 3: usiongeze makali ya dawa

Mkuu, umesema umepiga maji ya pilipili na kitunguu saumu kwenye kabichi mara mbili, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakapungua, siku ya 3 wakajaa tena, na sasa unataka kuongeza makali. Nakuomba usiongeze. Mimi niliwahi kuongeza, nikaunguza tuta zima. Majani yalitoka mabaka ya kahawia, kingo zikakauka, na vidukari wakabaki palepale kwenye majani machanga wanafyonza.

Geuza jani kwanza. Vidukari wa kabichi wana unga wa kijivu mwilini kama waliomwagiwa majivu. Ule unga ni nta. Wadondoshee tone la maji uone: linabingirika na kuanguka, mdudu hata hajalowa. Ndiyo maana dawa yako inateleza tu juu yao. Kinachoishinda ile nta ni sabuni. Natumia sabuni ya maji ya kawaida, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji, na hapo ndipo ninapoishia. Sabuni ya unga ya kufulia iache, inaunguza majani. Jaribu kwenye majani mawili matatu, subiri siku moja, yakiwa salama endelea.

Piga chini ya jani na kwenye moyo wa kabichi mpaka walowe chepechepe, kwa sababu sabuni inamuua yule tu iliyemgusa ingali mbichi. Ikishakauka haina kazi. Na hapa ndipo wengi tunapokwama: kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na mtoto huyo baada ya wiki moja hivi naye anazaa. Ukiacha watano tu nyuma ya jani, umeanza upya. Kwa hiyo rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara 3, hata kama tuta linaonekana safi.

Kwa viwavi, mwarobaini ndio ninaouamini, na mbegu zina nguvu kuliko majani. Twanga viini vya mbegu kavu, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, tumia siku hiyohiyo. Piga jioni, maana jua huimaliza nguvu yake haraka. Usitegemee kiwavi aanguke mbele ya macho yako. Anaacha kula, anashindwa kujivua gamba, anakufa taratibu. Wengi hukagua kesho yake, wakamkuta bado yupo, wakasema mwarobaini haufai kitu. Mpe siku kadhaa, kisha tazama kama majani mapya yana matundu.

Mwenzetu aliyeshauri maji ya tumbaku, hapo sikubaliani naye kabisa. Nikotini ni sumu kwa mtu pia na inapenya kwenye ngozi. Tena jani la tumbaku linaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya, pilipili na biringanya.

Kitu cha mwisho, angalia shina. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wanafuata ule utamu unaotolewa na vidukari, na kwa ajili ya huo utamu wanawafukuza wadudu wanaokuja kuwala. Wazuie sisimizi, utapata msaada ambao hukuununua. Mmoja wa hao walaji ni yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, unamjua. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: mweusi, mrefu, ana alama za rangi ya chungwa, anatembea kama mamba mdogo. Nimewaponda wengi nikidhani ni waharibifu, na bado inaniuma. Siku hizi nikimkuta mmoja kwenye mche, mche huo siupigi kitu, hata sabuni. Narudi baada ya siku 2 kuangalia amekula wangapi.