Ratiba ya skani umeweka, lakini skani inafanyika kweli?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama inatosha kuipangia kompyuta ya nyumbani skani kamili ya virusi kila siku saa nane usiku, na kwa nini mashine inakuwa nzito kila skani inapoanza. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana ratiba yangu ilikuwa hiyo hiyo yako.

Niliweka skani kamili saa nane usiku nikijua nimemaliza kazi. Sasa saa nane usiku laptopu yangu huwa wapi? Imezimwa, iko kwenye begi. Mashine iliyozimwa haiskani chochote. Kilichokuja kunishtua ni faili la zipu, programu niliyoipakua nikaiacha kwenye folda ya Downloads bila kuifungua. Mdogo wangu akaiomba, nikamwekea kwenye flashi na kumhakikishia ni salama. Alipoifungua kwake, antivairasi yake ikaizuia palepale na kutaja jina la kirusi. Akanipigia simu. Nikaskani folda ile kwa mkono, ikakutwa hapo hapo.

Nikafungua Task Scheduler, programu ya Windows inayopanga kazi zijifanye zenyewe kwa saa yake, nikapita Microsoft, Windows, hadi folda ya Windows Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, nikaiangalia kazi inayoitwa Windows Defender Scheduled Scan. Kuna safu inaonyesha mara ya mwisho ilipofanyika. Tarehe niliyoikuta ilikuwa ya miezi minne nyuma. Iliniuma sana, kwa sababu mdogo wangu aliniamini, na mimi nilikuwa nimeiamini ratiba bila kuikagua hata siku moja.

Labda utauliza mbona ulinzi wa muda wote haukuikamata. Ulinzi ule hutazama faili linapopakuliwa, linapofunguliwa au kuendeshwa. Kirusi kilicholala ndani ya zipu ambayo haijaguswa kinaweza kukaa tu, hasa kama siku ulipoipakua orodha ya virusi ilikuwa bado haikitambui. Ndiyo maana skani ya ratiba ina kazi yake: inarudi kupekua vilivyokwisha kuingia, ikiwa na orodha mpya.

Kwa hiyo badilisha saa kwanza. Chagua wakati ambao mashine imewaka na wewe huna kazi nayo, kwa mfano ukiwa unakula. Kisha, kwenye kazi hiyo hiyo, angalia masharti mawili. La kwanza linasema kazi ianze tu laptopu ikiwa kwenye umeme. Likiwa na tiki na wewe unatumia betri jioni nzima, skani haitaanza. La pili liko kwenye ukurasa wa Settings, linaruhusu kazi iliyopitwa na saa yake ifanyike mara tu itakapowezekana. Hilo litie tiki. Lingekuwepo kwangu tangu mwanzo, ile miezi minne isingepita hivi hivi.

Kuhusu uzito: skani kamili kila siku ni kuitesa mashine bure. Inasoma kila faili kwenye diski na kufungua mafaili yaliyobanwa, na kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, kila programu nyingine inabaki kwenye foleni ikisubiri. Skani ya haraka inapita kumbukumbu ya kompyuta, programu zinazojiwasha zenyewe na sehemu ambazo virusi hupenda kujipandikiza, tena inaisha kwa dakika chache. Microsoft wenyewe wanashauri skani ya haraka pamoja na ulinzi wa muda wote kwa matumizi ya kawaida. Mimi naifanya kila siku. Kamili mara moja kwa mwezi, au siku nikishuku jambo.

Ukiona bado ni nzito, Defender ina kiwango cha wastani wa nguvu ya prosesa inayotumia wakati wa skani, nacho huja kikiwa 50 kwa mia. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, bonyeza Enter. Skani itachukua muda mrefu zaidi, ila utaweza kufanya kazi.

Nakuomba sana, usipunguze uzito kwa kuitoa folda ya Downloads kwenye skani. Najua ushauri huo unazunguka. Folda hiyo ndiyo mlango ambao karibu kila kitu cha nje kinapitia. Ukiitoa, umeacha mlango wazi na kulinda madirisha. Wala usiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa pamoja, zitagombania mafaili yale yale.

Na flashi ya mtu ikiingia, usisubiri ratiba. Bofya kitufe cha kulia juu yake, iskani kabla hujafungua folda hata moja. Mimi sasa naskani hata ninayoitoa kwangu kumpa mwingine.

Kama kirusi kinafutwa kisha kinarudi, tumia skani ya nje ya mtandao (offline scan) iliyo ndani ya Windows Security, programu ya usalama ya Windows. Kompyuta inajizima na kuwaka, skani inaanza kabla Windows haijaamka kikamilifu, hivyo kirusi kinachojificha hakipati nafasi ya kujikinga. Inachukua kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu itafunga kila kitu.

Kabla ya kubadilisha lolote, mkuu, fungua ile safu ya mara ya mwisho, kisha rudi utuambie umekuta tarehe gani.