Kompyuta inayojizima na kujiwasha: usikimbilie kupiga Windows upya

Wa aleykum salaam ndugu yangu wa Malindi. Wasema kompyuta yako ya mezani hujizima na kujiwasha yenyewe, na fundi ashataka kupiga Windows upya. Mzuie kwanza. Hapa Lamu nazitengeneza mashine za nyumbani, na nyingi zinazoletwa na ugonjwa huo Windows yake ni nzima. Kibovu ni chuma, yaani vifaa vya ndani.

Windows hupangwa ijiwashe yenyewe ikianguka, ndiyo maana ile skrini ya buluu inayoonyesha kosa hupati wakati wa kuisoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, halafu Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Ikianguka tena, nakili maneno utakayoyaona. MEMORY_MANAGEMENT hunifanya niishuku ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR hunifanya nishuku prosesa (ubongo wa mashine), joto au umeme. Ikikatika ghafla bila skrini yoyote ya buluu, anza na umeme na joto. Ile Kernel-Power 41 inayowatia watu hofu wakiiona kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, yasema tu kwamba mashine ilizimika vibaya, sababu haisemi.

Kisha tizama inaanguka wakati gani, hapa ndipo penye siri. Ikiwa hutulia mwanzoni halafu ikaanguka ukishaanza gemu au kukata video, huenda ni joto: feni imejaa vumbi au grisi ya prosesa imekauka. Prosesa ikipita nyuzi 90 kwa kazi ya kawaida, fungua usafishe.

Lakini ikisumbua asubuhi, kisha ikatulia ikishapata moto, mimi hufikiria chumvi. Video za mitandaoni hazikutajii hilo, maana wanaozirekodi hawakai ufuoni. Kusi ikivuma, unyevu wa bahari huingia madirishani na feni huufyonza kutwa. Chumvi huvuta maji ya hewani, na ikiganda juu ya madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, huwa utando unaopitisha umeme pasipotakiwa. Meno ya ramu nayo huchafuka, yakashika na kuachia.

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo utoe ramu. Sugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke, irudishe mpaka vishikizo viitike. Kama ni mbili, jaribu moja moja. MemTest86, programu ya kupima ramu, iache ifanye kazi usiku kucha; kosa hata moja halipuuzwi.

Ukiwa hapo ndani, tizama kapasita za madabodi, vile vikopo vidogo vya duara vinavyohifadhi umeme. Zilizovimba vichwa au kuvuja zishakwisha.

Ikibaki pawa saplai, lile sanduku linaloipa mashine umeme, usiifungue, tafadhali: kapasita zake huhifadhi umeme hata ikishachomolewa. Azima nzima ya jirani ujaribu nayo. Au peleka mashine nyumba nyingine. Ikitulia huko, tatizo ni soketi yako au umeme unaoshuka friji ikianza kunguruma, na hapo UPS (kifaa cha betri ya akiba) yenye kudhibiti volti itakufaa kuliko Windows mpya. Zile adapta za bei rahisi zinazochomekwa tatu juu ya moja, ziondoe leo hii.

Ukipata maneno ya ile skrini, niandikie, na unambie huanguka asubuhi au ikishapata moto.