Swali la Lugha: "Utafiti wa watoto" ni utafiti wa nani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Tunaandaa maonyesho ya kazi za watafiti wetu, na safari hii tumeagizwa kwamba bango kuu liwe na maneno ya Kiswahili chini ya yale ya Kiingereza. Nimeandika hivi: "Utafiti wa kielimu kuvuka ulimwengu, roboti, uchumi wa mkoa na matibabu ya watoto." Mwenzangu anayetoka Mbale anasema sentensi hiyo ina makosa, ila hawezi kuyaonyesha yote. Tena anashikilia kwamba katika vijitabu vya maonyesho tuandike "roboti anatembea", nami nimeandika "roboti inatembea". Tunaomba utuamue.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako hakukosea kuitilia shaka sentensi hiyo, ingawa katika suala la roboti nitakuwa upande wako, kwa sharti nitakalolitaja. Hakuna neno hata moja katika bango lenu ambalo si la Kiswahili. Tatizo ni kwamba karibu kila moja lina kazi nyingine linayoifanya mitaani, na msomaji atakayesimama mbele ya bango ataanza na maana ile aliyoizoea.

Nianze na kale kaneno kadogo, "wa". Utafiti hupenda kufuatwa na "wa", na "wa" hiyo haibagui. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiukuta kwa watoto wa Uganda. Tukisema "utafiti wa Burkitt", Burkitt ndiye mtafiti. Tukisema "utafiti wa uvimbe", uvimbe ndio uliotafitiwa. Na tukisema "uvimbe wa Burkitt", mtu asiyekijua kisa chenyewe anaweza kudhani kwamba daktari ndiye aliyevimba taya. Ndiyo maana "utafiti wa watoto" unaweza kusomwa kama kazi ya wanafunzi wa shule ya msingi waliotumwa kuhesabu ndege kandoni mwa ziwa, na "utafiti wa roboti" kama kazi iliyofanywa na roboti yenyewe, jambo ambalo siku hizi si la ajabu.

Panapokuwa na hatari ya namna hiyo, andika "kuhusu": utafiti kuhusu watoto, utafiti kuhusu roboti. Wengi huandika "juu ya", nami siikatai katika mazungumzo, lakini jaribu kuandika "utafiti juu ya Mwezi" uone kama msomaji atajua watafiti walikuwa wapi. Unapotaja uwanja mzima wa taaluma, wala si kitu kimoja kinachochunguzwa, "katika" inatosha. Ndiyo inayopaswa kushika nafasi ya "kuvuka" katika sentensi yenu, kwa sababu Kiswahili huvuka mto, barabara na mpaka, hakivuki nyanja za elimu.

"Utafiti wa kielimu" nao utampeleka msomaji darasani. Atatarajia kusikia habari za walimu, mitaala na mitihani, kwa kuwa elimu kwetu ni kwanza ile inayotolewa shuleni. Mnachokusudia ni utafiti wa kitaaluma, yaani ule unaofanywa na wanataaluma kwa kanuni za fani zao. Hakikisheni "taaluma" inaandikwa kwa a mbili. Wasemaji wa Luganda, ambao wamezoea kwamba irabu mbili ni sauti moja iliyovutwa, mara nyingi huisoma taa-lu-ma, ilhali Kiswahili huhesabu silabi nne: ta-a-lu-ma. Msibadilishe "utafiti" mkaweka "uchunguzi". Polisi huchunguza wizi na daktari humchunguza mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti hutafuta maarifa ambayo yatafaa hata baada ya mgonjwa huyo kupona na kurudi nyumbani.

Sasa "ulimwengu", neno tamu lenye jamaa wengi wasumbufu. Bingwa wa ulimwengu ni bingwa wa dunia nzima, kwa hiyo "utafiti wa ulimwengu" unaweza kueleweka kuwa utafiti wa kimataifa. Mkijaribu kulikwepa hilo kwa kuandika "utafiti wa kilimwengu", mtakuwa mmeingia shimo la pili, kwa sababu elimu ya kilimwengu ni ile isiyo ya dini. Malimwengu ndiyo usiseme. Unajimu haufai kabisa hapa, maana mnajimu ni yule anayekuambia utaoa lini. Falaki ni neno zuri na la heshima, ila linahusu zaidi mienendo ya jua, mwezi, nyota na sayari, hesabu za miandamo na za kupatwa. Watafiti wenu wanauliza swali jingine: ulimwengu mzima ulianzaje na unaelekea wapi. Kwa fani hiyo tumieni "kosmolojia", na mara ya kwanza mfafanue kwa maneno machache kwamba ni elimu ya asili na mwenendo wa ulimwengu.

Vijitabu vyenu bila shaka vitaeleza kwamba mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha kuwa kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi, na kwamba umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Kwa jambo hilo la kwanza ningeandika "ulimwengu unatanuka". Wengine husema unapanuka, nao hawajakosea, lakini barabara hupanuka upande wa kushoto na wa kulia tu, ilhali kitu kinachotanuka huenea pande zote, kama chuma kilichopata moto.

Nije kwenye roboti, maana naona ndiyo iliyowagombanisha. Neno hili lilianzia katika tamthilia ya mwandishi Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, naye alisema kwamba aliyelibuni ni ndugu yake, Josef. Katika Kicheki robota ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Waswahili waliiita shokoa na wazee wa Buganda wakaiita kasanvu. Kwa bahati ya kuchekesha, Kiswahili nacho kina "robota" lake, la asili nyingine kabisa, lenye maana ya mzigo uliofungwa kwa kukazwa. Wazee waliofanya kazi kwenye vinu vya pamba wanayajua marobota vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo irabu ya mwisho si jambo la kupuuza. Niliwahi kusoma kazi ya mwanafunzi aliyetengeneza mashine ndogo za kukagua mimea shambani, naye, akitaka kuonyesha udogo wa mashine hizo, akaziita "viroboti". Mpiga chapa, kwa nia njema, akasahihisha. Ukurasa mzima ukawa unasifu viroboto walioachiwa katika shamba la maharagwe, na jinsi wanavyofika hadi kwenye jani la chini kabisa. Andikeni "roboti ndogo", mambo yaishe.

Kuhusu upatanisho, hoja ya mwenzako ina mizizi katika sarufi. Kiswahili husema "kiboko amezama" na "kipepeo ameruka", hakijali kwamba majina yenyewe yana ki-, kwa sababu uhai huushinda umbo la neno. Roboti hutembea, hushika na hata hujibu; kwa nini isipewe a-? Jibu langu ni kwamba mwendo si uhai. Gari hutembea, saa hutembea, na hakuna anayesema "saa amesimama". Katika maandishi ya utafiti andikeni "roboti inatembea" na "roboti hizi zinabeba", kwa ngeli ya i-/zi-. Sharti nililolitaja ni hili: katika hadithi ya watoto, ambamo roboti ina jina, inaogopa na inasema uongo, a-/wa- ndiyo inayofaa, kama tunavyosema "Sungura akamwambia Fisi". "Maroboti" waachieni wasemaji. Na kwa kuwa Luganda haianzi neno kwa r, angalieni rasimu yenu isije ikatoka na "loboti". Fani yenyewe iitwe "uhandisi wa roboti", kwa sababu roboti ni kifaa tu, nanyi mmekipanga safu moja na majina ya elimu.

"Uchumi wa mkoa" uondoeni. Mkoa ni kitengo cha utawala cha Tanzania. Sisi tuna wilaya. Neno ni "kikanda", lakini hata hilo lina pande mbili, kwa kuwa Mganda akisikia kanda hufikiria Kaskazini au Magharibi ya nchi yake, na mtu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hufikiria nchi zote wanachama. Kwenye bango acheni "uchumi wa kikanda". Ndani ya vijitabu tajeni waziwazi: uchumi wa kanda za Uganda kama mnazungumzia Karamoja, na uchumi wa ukanda wa Afrika Mashariki kama mnazungumzia Umoja wa Forodha wa mwaka 2005, Soko la Pamoja la mwaka 2010 au bei ya mahindi yanayovuka mpaka wa Busia.

"Matibabu ya watoto" ni finyu mno. Matibabu huanza pale mtoto anapougua. Chanjo, kupima uzito na kumfundisha mama kupika kitobero, chakula cha mchanganyiko cha mtoto mdogo, ili mwanawe asipate utapiamlo si matibabu, na hayo ni sehemu kubwa ya kazi ya watafiti wa afya. Semeni "huduma za afya kwa watoto", na hiyo "kwa" msiibadilishe kuwa "za".

Basi bango lisomeke: "Utafiti wa kitaaluma katika kosmolojia, uhandisi wa roboti, uchumi wa kikanda na huduma za afya kwa watoto."

Kuna neno moja ambalo hukuliuliza, nalo litawapata tu. Watu wa kosmolojia wataandika Mlipuko Mkuu, yaani ule wa mwanzo wa ulimwengu, na watu wa afya wataandika habari za mlipuko wa Ebola wa mwaka 2022. Mabango yao yakikaa ubavu kwa ubavu, waombeni wa afya watumie "mkurupuko", kama wafanyavyo Wakenya. Wakikataa, basi wasiliache "mlipuko" peke yake bila jina la ugonjwa.