Msimamishe huyo fundi rangi: bilioni 13.8 si ukingo wa ulimwengu

Msimamishe huyo fundi rangi kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema wiki ijayo mnachora ukuta wa klabu ya sayansi: Dunia katikati, duara kubwa jeusi kuizunguka, na juu ya duara maneno "Mwisho wa ulimwengu: miaka ya nuru bilioni 13.8" (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Umeuliza kama hiyo ni kweli, na nje ya duara mpake rangi gani. Mwalimu mwenzangu, huo ukuta mimi nimeshaujenga. Sikuupaka rangi, niliuchapisha: vijitabu 200, shilingi 700,000, michango ya wazazi. Mpaka leo unaniuma.

Nilikuwa mlezi wa klabu kwenye shule ya kutwa mkoani Tanga. Maandalizi yangu yote niliyatoa kwenye video moja ambayo msimuliaji wake ana sauti nzito kama anatangaza fainali, muziki wa kutisha nyuma yake, anatamka kwamba wanasayansi "wamefika ukingoni mwa ulimwengu". Wanasayansi gani, kwa chombo gani, mwaka gani, hasemi. Nikamwamini kwa sababu ya ile nukta nane. Namba yenye nukta inakaa kama kitu kilichopimwa kwa futi kamba. Kumbe kilichopimwa ni umri! Miaka bilioni 13.8 ni muda uliopita tangu Mlipuko Mkuu, yaani tangu ulimwengu uanze kutanuka. Yule bwana alichukua miaka, akaibandika neno "nuru", akapata umbali, akapata na watazamaji. Nina hasira naye hadi kesho, kwa sababu video bado ipo na ninyi ndio mnaoinukuu sasa.

Darasani nikatumia mkate wa kumimina wenye zabibu. Ukiumuka, zabibu zinaachana, na hakuna zabibu iliyotembea. Ni rojo lenyewe linalotanuka. Ndivyo galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinavyoachana, jambo alilolieleza Georges Lemaître mwaka 1927, kisha Edwin Hubble akalionyesha kwa vipimo vyake mwaka 1929. Mfano mzuri, wanafunzi wameelewa, kila mtu kafurahi. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sufuria ni nini?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, nami nikalizima. Nikamjibu kwamba sufuria ni ule ukingo wa bilioni 13.8, na nje yake ni giza tupu. Akaandika. Miezi michache baadaye akapeleka insha kwenye mashindano ya wilaya, na insha nzima imeegemea jibu langu: ukingo, giza, kipimo. Msahihishaji alikata aya mbili kwa wino mwekundu, pembeni akaandika, "Nani kakwambia?" Binti alikuja ofisini na ile karatasi. Hakulia, hakulalamika. Aliikunja tu, akasema, "Nilifikiri umesoma, mwalimu." Mwaka uliofuata hakurudi klabuni. Fedha za wazazi nilizirudisha kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, zikaisha. La binti halijaisha.

Kwa hiyo shika kanuni moja, mengine yote unaweza kuyaacha. Kabla hujaweka neno "ulimwengu" karibu na namba yoyote, uliza: ulimwengu upi? Tunaouona, au wote? Namba za ukubwa unazokutana nazo huko ni za ule tunaouona.

Nuru kongwe kuliko zote tunazozipata waliinasa wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, kwa antena ya redio. Ilikuwa mvumo uleule kutoka kila upande wa anga, usiku na mchana. Walidhani ni uchafu wa njiwa ndani ya antena, wakausugua. Mwaka 1978 wakapewa Nobel. Waliosugua kinyesi cha njiwa hawakuchekwa, basi na mimi mtu asinicheke. Nuru hiyo iliachiwa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Mahali ilipotoka palikuwa miaka ya nuru milioni 42 hivi kutoka hapa petu. Nuru ikiwa njiani nafasi nayo inatanuka, na leo mahali pale pako umbali wa miaka ya nuru bilioni 46 hivi.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi, maana najua utakachofanya. Utamwambia fundi afute 13.8 aandike 46, ujione umepona. Hujapona! Namba mbovu hufutika kwa kitambaa. Neno "mwisho" ndilo linalobaki kichwani mwa mtoto. Hiyo 46 ni upeo wa macho. Simama ufukweni, macho yako yakiwa mita 1.7 juu ya maji: bahari itakatika kwenye mstari ulio kilomita 4.7 hivi kutoka ulipo. Mvuvi aliye kwenye mstari huo hajagonga ukuta wowote. Ana bahari yake pande zote, na akigeuka kutazama ufukwe, wewe ndiye uko mwishoni. Vivyo hivyo aliye umbali wa bilioni 46 kutoka kwetu ana duara lake, sisi tuko kwenye mstari wake, na akitazama huku anaona ule mng'ao wa kale tu, hakuna Jua, hakuna Tanga. Sufuria haipo. Mfano wangu wa mkate uliingiza ukingo kwa mlango wa nyuma, na mtoto wa kidato cha pili aliuona kabla yangu. Nje ya duara lenu chora galaksi kama za ndani.

Atakuja mwingine hapa akwambie basi imethibitishwa kwamba ulimwengu hauna kikomo, kwa kuwa satelaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009 kuipima ile nuru ya kale, imeonyesha nafasi ni bapa, yaani haijapinda. Muulize na yeye: ulimwengu upi? Ubapa umepimwa ndani ya duara letu, kwa usahihi wa chini ya asilimia moja, na ni kazi kubwa. Lakini bapa haina maana ya kutokuwa na kikomo. Mnaukumbuka mchezo wa nyoka kwenye Nokia 3310? Nyoka anatokea kulia, anaingia kushoto. Kioo ni bapa, eneo lake linahesabika, na nyoka hakuti ukingo. Mwaka 2004 Neil Cornish na wenzake walitafuta kwenye ramani ya ile nuru ya kale miduara pacha ambayo ingeonekana kama nafasi inajizunguka hivyo kwa karibu. Hawakuiona. Kama nafasi inajirudia, inajirudia mbali sana. Einstein naye tangu mwaka 1917 alikuwa na hesabu za ulimwengu wenye ukubwa maalumu usio na ukingo, kama uso wa mpira. "Una kikomo" na "una ukingo" ni maswali mawili. La kwanza halijaamuliwa na kipimo chochote. Huo ukuta mnaotaka kuuchora, nadharia tunazozitumia haziuhitaji.

Kama fundi keshachukua nusu ya malipo, mwache achore duara, lisipotee bure. Maneno ndiyo yabadilike: "Mwisho wa tunachoweza kuona kutoka hapa." Na hilo neno "hapa" aliandike kubwa kuliko mengine, mtoto wa mwisho nyuma alisome.