Kifundo kimeteguka, fainali ni baada ya siku kumi: jibu langu (refu kidogo, mnisamehe)

Mdogo wangu wa Iganga, nimesoma swali lako na majibu yote mpaka hapa. Kwa wanaoingia sasa: huyu kijana alitua vibaya Jumapili baada ya kurukia mpira wa kichwa, kifundo cha mguu wa kulia kikapinda kwa ndani. Leo Jumatano kimevimba, chini ya fundo la nje pamekuwa zambarau. Fainali yao ni baada ya siku kumi na kapteni ameshamwahidi sindano ya kutuliza maumivu. Anauliza kama atacheza.

Hutacheza. Swali hilo nilijiuliza mimi mwaka 2016, nikajijibu ninavyotaka, na nikalipa kwa mwaka mzima.

Nipo Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kazi yangu ni makaratasi ya malori. Timu yetu ni ya mpakani hasa: mawakala wa forodha, vijana wa boda, wabadilisha pesa, na dereva yeyote ambaye lori lake limekwama foleni. Kiwanja siku za kazi ni cha ng'ombe. Mvua ikinyesha halafu jua likiwaka siku mbili, mashimo ya kwato yanakauka na kuwa magumu kama vikombe vya udongo. Mguu wangu wa kushoto uliingia kwenye kimojawapo nikiwa nageuka na mpira. Nilisikia "tap", kama kijiti kikavu. Jioni ikawa maji ya moto na chumvi, kisha mwenzetu mmoja anayejua kuchua akanishika kwa dole gumba na mafuta mpaka nikauma taulo. Asubuhi mguu ulikuwa papai.

Kwa hiyo ndugu mliomshauri akande na kuchua, siwacheki, hata kwetu ndiyo ilivyo. Ila fikirieni kilichotokea ndani. Kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, zimevutika au kuchanika, na vijishipa vya damu vimepasuka. Joto linapanua vijishipa, damu inamwagika zaidi, na dole gumba linachana kilichokuwa kimebaki. Siku mbili tatu za mwanzo achana na maji ya moto, kuchuliwa na pombe.

Kabla ya yote hakikisha si mfupa. Madaktari wana kanuni rahisi iliyotoka Ottawa, Kanada, na unaweza kuijaribu ukiwa kitandani. Je, uliweza kupiga hatua nne pale pale uwanjani, hata kwa kuchechemea, na unaweza sasa? Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama iliyovimba: ncha na ukingo wa nyuma wa fundo la nje, kisha la ndani, ukipanda kiasi cha sentimita sita. Bonyeza pia ule mfupa uliotokeza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na ule ulio juu ya upinde wa wayo upande wa ndani. Kama hatua nne zimekushinda, au mfupa mmoja kati ya hiyo unauma ukibonyezwa, panda gari uende ukapigwe picha leo. Ganzi, vidole kuwa baridi au kifundo kukaa upande vibaya, hiyo usisubiri hata jioni. Na usianzie kwa mzee wa kuunga mifupa. Najua anasifiwa, lakini hana macho ya kuona ndani.

Kama ni kano tu, matunzo ni ya kawaida: bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu (vidole vikiwa baridi umekaza mno, legeza), na mguu uinuliwe juu ya mito ukilala. Barafu siku hizi ina ubishi. Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, baadaye mwenyewe alibadili kauli, akasema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mimi naitumia kutuliza maumivu tu: imefungwa kwa kitambaa, dakika 15, basi. Kisha usilale wiki nzima. Kuanzia siku ya pili au ya tatu chezesha wayo juu na chini, andika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, kanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Sasa ile sindano. Diklofenaki, dawa hiyo ya kutuliza maumivu, inazima kengele, haizimi moto. Utaingia uwanjani mguu haukuambii kitu, na kano ambayo ingepona kwa wiki kadhaa utaimalizia wewe mwenyewe dakika ya kumi. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo ana sababu zaidi ya kuikataa.

Mimi sikudungwa. Kosa langu lilikuwa la kijinga zaidi: baada ya wiki mbili maumivu yaliisha, nikadhani nimepona. Nikacheza. Mguu ukapinda tena. Mwaka ule ulipinda mara nne, ya mwisho si uwanjani hata, nilikuwa nashuka kwenye ngazi ya lori na faili mkononi. Hapo ndipo nilipokwenda Mbale kumwona mama mmoja mtaalamu wa viungo.

Hakugusa mguu kwanza. Alinivua viatu, akaniambia nisimame kwa mguu wa kulia, nifumbe macho, akawa anahesabu. Nikafika ishirini na kitu. "Haya, huo mwingine." Nikafumba macho, na kabla hajasema nne nilikuwa nimeshikilia meza yake. Nikarudia, tatu. Nikarudia, tatu tena. Mguu hauumi hata kidogo! Akanieleza kwamba ndani ya kano na misuli mna vihisio vinavyouambia ubongo mguu umekaaje, na vikiumia habari inachelewa. Unakanyaga jiwe, na misuli inashtuka wakati kifundo kimeshalala. Maumivu yalikuwa yameondoka zamani, lakini hiyo habari haikuwa imerudi.

Dawa yake haikugharimu kitu. Kusimama kwa mguu mmoja kila siku: macho wazi kwanza, baadaye yamefumbwa, baadaye juu ya mto. Nilifanyia kaunta nikisubiri karatasi zigongwe mhuri, wakanizoea. Kuinua visigino kwenye ukingo wa ngazi, 15 mara tatu, kwa miguu miwili kisha mmoja. Na kile kipande cha tyubu ambacho vijana wa boda wanafungia mizigo: kifunge mguu wa meza, ingiza wayo, usukume kwa nje polepole. Ilinichukua wiki nane.

Usitumie kalenda kuamua kurudi uwanjani. Rudi ukiweza kuruka kwa mguu ule mmoja mara kumi sawasawa na mwenzake, kukimbia mbio na kusimama ghafla, kukata kushoto na kulia bila kuuonea mguu huruma. Miezi ya mwanzo cheza umefunga kifundo. Kufunga hakukupunguzii uwezo wowote.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kusimama mguu mmoja, kuruka, na lile la kupiga magoti mwenzako akakushika visigino ukajiangusha mbele polepole, ambalo linalinda msuli wa nyuma ya paja. Tafiti zimeonyesha timu zinazoyafanya kwa bidii zinapunguza majeraha kwa theluthi hivi. Wazee wetu wa timu walicheka sana siku ya kwanza. Na ukinunua njumu za mtumba pale soko la Owino, Kampala, ziweke zote mbili mezani uziangalie kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kinakulaza na wewe.

Yule dada wa Kapchorwa aliyeuliza katikati kuhusu ugoko unaomuuma akikimbia: wa kwako ni tofauti. Huko kwenu kila mtoto anataka kumfuata mwanariadha Joshua Cheptegei, anaongeza kilomita maradufu ndani ya wiki moja, tena kwenye miteremko. Ukiuma eneo refu na ukatulia ukishapata joto, punguza mbio. Ukiuma sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na usiku unauma umelala, acha kukimbia kabisa ukaonwe, huenda mfupa una ufa. Na picha ya mapema inaweza isionyeshe ufa huo, kwa hiyo usirudi barabarani kwa sababu tu picha ilikuwa safi.

Mdogo wangu, kaa benchi uwapigie wenzako makofi. Ukishaacha kuchechemea, simama karibu na ukuta kwa mguu ule, fumba macho, mtu akuhesabie, halafu uje uandike hapa umefika ngapi. Mimi nilifika tatu.