Uliza Fundi: RAM imeingia vizuri, mbona kompyuta inalia?

Fundi habari ya siku. Niko na saiba ndogo hapa Kayole, watu wanakuja kufanya iTax na eCitizen (kodi na huduma za serikali mtandaoni) na kuprinti CV. Sasa ile mashini ya kaunta, HP Compaq Elite 8300 ile nyembamba ya ex-UK, ina vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) vya 2GB na nikifungua tabu sita hivi za Chrome inaganda mpaka mteja ananiangalia vibaya. Juzi nikashuka tao nikapata kipande kimoja cha 16GB bei poa sana, muuzaji akaniapia ni DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM hizi) na kwangu pia ni DDR3, nikachomeka kikaingia bila shida, kuwasha nikapata skrini nyeusi, taa nyekundu inapepesa, inalia pii mara tano, inanyamaza, inaanza tena. Nikirudisha zile za zamani inawaka. Nimeua kitu?
Mama Saiba, Kayole

Pole dadangu, hujaua kitu. Kwa hizo HP, milio mitano ni mashini inakuambia RAM hii siielewi. Na jamaa hakudanganya kuhusu DDR3, kuna herufi moja tu hakuitaja.

Geuza hicho kipande usome stika. Nabashiri utaona PC3-12800R au kitu kama hicho. PC3 ndiyo DDR3 yenyewe, 12800 ni kasi, yaani ile inayoitwa pia DDR3-1600, na hapo mwisho ndipo pa kukazia macho. R ni RAM ya sava, zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao, ina chipu ya ziada katikati ambayo mashini yako haijui kuongea nayo. Sava zikistaafu huko ng'ambo zinavunjwa, RAM zake zinauzwa kwa rundo, ndio maana ulipewa bei tamu hivyo. Iliingia kwa sababu zote mbili zina pini 240 na ule mkato wa chini uko mahali pamoja. Wewe unataka U, ile ya kompyuta za kawaida. Ukiona L baada ya PC3 usiogope, inatumia volti 1.35 badala ya 1.5 na kwako itafanya kazi tu.

Halafu hata ingekuwa na U, 16GB kwa kipande kimoja mashini yako haibebi. Mwisho wake ni 8GB kwa kila sloti (tundu la kuchomekea RAM), na sloti ni nne, kwa hivyo 32GB jumla. Kwa kazi ya saiba hiyo yote ya nini? Tafuta mapacha wawili wa 4GB, PC3-12800U, maana zikiwa mbili zinazofanana zinafanya kazi sambamba, na zile zako za 2GB usizitoe, utakuwa na 12GB. Ukipewa 10600 pia itawaka, ila zote zitashuka mwendo ziifuate hiyo ya polepole.

Kuna mtego mwingine hapo tao, RAM za 8GB mpya kabisa za DDR3, rahisi ajabu, na zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni za mashini zenye prosesa ya AMD. Wewe una Intel, achana nazo kabisa. Mimi mwenyewe ziliwahi kunipata, nilisugua pini na kifutio jioni nzima nikidhani ni uchafu.

Ukirudi dukani, panda matatu na mashini yenyewe, wachomeke RAM mbele yako, iwake, Windows ionyeshe 12GB, ndio utume M-Pesa. Ikibaki kwa 4GB angalia kama Windows yako ni ya biti 32, hiyo haivuki hapo hata ukiongeza RAM ya ukoo mzima.

Fundi, laptopu yangu imekufa lakini RAM ni nzima, DDR4 (kizazi cha nne) ya 8GB. Naweza kuihamishia kwa desktopu?
Kijana wa Rongai

Kwa desktopu ya kawaida hapana kaka, ya laptopu ni fupi, pini 260, na desktopu inataka ile ndefu ya 288. Iuze uongezee pesa. Ila kama desktopu yako ni zile ndogo za kufungwa nyuma ya skrini, subiri kwanza, fungua kifuniko, maana hizo nyingi zinatumia hizo hizo fupi.