Sinema Bubu Ziliwezaje Kujaza Majumba?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, je, ni kweli kwamba watu wa zamani walilipa kiingilio ili watazame picha zisizo na sauti? – Msomaji, Jinja

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji, ila ukumbi haukuwa kimya. Chicago Theatre, yenye viti takriban 3,900, ilipofunguliwa tarehe 26 Oktoba 1921 katikati ya jiji la Chicago, Marekani, palikuwa na okestra ya wanamuziki 50, naye Jesse Crawford alipiga kinanda cha Wurlitzer chenye mabomba ya hewa, kilichoweza kuiga filimbi, ngoma na kengele. Mpigaji wa namna hiyo aliikazia macho picha huku vidole vikifuata kilio, mbio au busu, na kwangu ustadi huo unapita fahari yote ya jengo, ambalo lingali limesimama.